Orodha ya mbolea ibandikwe

Kasulu, Kigoma

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imefika. Unasema kubandika majina ya wanaopata mbolea ya ruzuku ni kuwaanika watu. Nusu ya hoja hiyo naikubali, nusu naikataa kabisa.

Tuanze na fedha zinakopita. Mkulima hashiki hela ya ruzuku. Anajiandikisha kijijini, anataja ekari na zao lake, anapata namba ya mkulima kwa simu. Kwa wakala analipa bei pungufu, na Serikali inaifidia kampuni ya mbolea. Mpango ulipozinduliwa Agosti 2022, mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50 ulishuka kutoka zaidi ya shilingi 130,000 hadi 70,000. Pengo hilo ndilo linalomtamanisha mwizi: mfuko uliochukuliwa kwa jina la asiye na shamba unaweza kuuzwa tena kwa bei ya soko, hapa hapa au ng'ambo ya mpaka wa Manyovu, kule Burundi. Mfumo unasoma namba tu. Kama shamba la fulani ni mahindi au ni pori, anayejua ni jirani yake.

Tazama daftari la kijiji la kuandikisha wakulima kwa karibu. Ekari 3 ikichorewa 1 mbele inakuwa 13. Kwa mahindi tuhesabu mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa ekari: mwenye ekari 3 anastahili mifuko 6, wa 13 anapata 26. Mstari mmoja wa kalamu, mifuko 20 imepotea! Orodha ikisomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mtu wa kitongoji hicho hicho atanyoosha mkono papo hapo. Ikifungiwa kwenye droo, nani atauliza?

Sasa ile nusu yako. Hata Ulaya, mwaka 2010, Mahakama ya Haki ya huko ilibatilisha utangazaji wa majina ya wakulima binafsi wanaolipwa ruzuku, kwa kuwa kanuni haikutofautisha aliyepata kingi na aliyepata kidogo. Kanuni ikaandikwa upya, majina yakarudi, wa malipo madogo wakaachwa. Kwa hiyo bandikeni jina, kitongoji, ekari, mifuko anayostahili na mifuko aliyochukua. Namba ya simu, ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na ya mkulima zisionekane ukutani kamwe. Namba ya mkulima ni ufunguo. Akiipata mwingine, mbolea itatoka kwa jina lako na wewe hujaiona. Ndiyo maana hata wakala asiachiwe aitunze "ili kukurahisishia".

Bandikeni mara mbili, kabla ya mauzo na baada yake. Safu ya mifuko iliyochukuliwa ndiyo watakayoikwepa, nawe uing'ang'anie hiyo hiyo. Wakigoma, ombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Jibu lina siku 30, basi ombi liingie Agosti. Likichelewa hadi Oktoba, mvua zitawakuta mnasubiri barua. Penye dalili ya rushwa, simu ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, bure.

Huko Urambo kuna jambo ambalo huku si kubwa: mbolea ya tumbaku inayokuja kwa mkopo wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Ipeni safu yake, isichanganywe na ya mahindi, maana ekari ile ile ikihesabiwa mara mbili hakuna atakayegundua. Niandikie mkishachora hiyo orodha, nione safu mlizoweka.

Wako daima,
Rafiki yako wa Kasulu