Barua kwa mwanangu Zuhura

Kunduchi, Dar es Salaam

Mwanangu Zuhura,

Sisi wazima. Picha za Cape Town zimefika, na mama yako ameshawaonyesha majirani wote hao pengwini wa Boulders, wamesimama mchangani kama wazee wa posa wanaosubiri kukaribishwa. Kumbe walianza jozi mbili tu, mwaka 1982! Halafu ukauliza: sisi Kunduchi tuna nini?

Juzi alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, nilishuka pwani. Nikaanzia magofuni. Mibuyu ipo, msikiti umebaki kuta, na makaburi ya nguzo bado yamesimama. Ulipokuwa darasa la pili ulitia kidole kwenye tundu la nguzo moja, ukataka kujua nani kalitoboa. Hapo palikaa bakuli la kauri kutoka Uchina, limeshikizwa kwa chokaa. Jahazi lilileta chombo cha mezani, watu wa hapa wakampambia nacho marehemu wao. Mabakuli mengi yameng'olewa. Nguzo imebaki na jicho tupu.

Mbele kidogo ndipo moyo uliponiuma. Mnazi wa bembea yako umeanguka, shina linapigwa na mawimbi. Kisiwa cha Mbudya kiko palepale ng'ambo, hifadhi tangu 1975, lakini ufukwe wetu unaliwa.

Watu husema bahari ina hasira. Mimi sisemi hivyo. Mchanga huu hushushwa na mito, Tegeta na Mbezi, wakati wa mvua. Kusi likivuma, mawimbi huusogeza kaskazini. Bahari huchukua na mto hurudishia. Sasa mchanga unachotwa mtoni kwa makoleo kabla haujafika, unapakiwa kwenye malori kwenda kujenga. Bahari inaendelea kuchukua tu.

Na mimi nimo. Vile vyumba vya uani nilivijenga kwa tripu nne za mchanga. Sikuuliza umetoka wapi, bei ilikuwa nzuri. Dereva aliumwaga ukiwa bado umelowa, wewe ukaparamia ile chungu, ukatoka na ganda la konokono wa mtoni. Nililiona, nikacheka, nikamlipa dereva.

Ukija Desemba tutavuka Mbudya, ila uje na viatu vya mpira, mama yako hataki habari ya miiba ya urumba wa baharini tena. Kopo lako lipo juu ya kabati. Amejaza vifungo, lakini ganda bado liko chini kabisa.

Baba yako