Kabla ya kulipa ada ya shule ya mbali, piga hesabu ya jioni

Msimu wa fomu za kujiunga ukifika, wazazi wengi wanaotupigia simu huwa wameshachagua shule na wameshalipa. Kilichobaki ni kutafuta mtu wa kukaa na mtoto kuanzia saa 9 alasiri mpaka wao watakaporudi kutoka mjini. Sisi ni kituo cha malezi ya baada ya shule, tupo upande wa Kimara, Dar es Salaam, na simu hizo ndizo zinazotuweka mjini. Hata hivyo tungependa zije mapema zaidi, maana shule na jioni ya mtoto ni hesabu moja, na ukiifanya nusunusu unalipa mara mbili.

Zamani palikuwa na njia ya mkato, nayo ni bweni. Mtoto wa Darasa la Pili anapelekwa huko, wazazi wanapumua. Machi 2023 Wizara ya Elimu iliagiza huduma ya bweni isitishwe kwa watoto wa awali hadi Darasa la Nne, na kwa maoni yetu ilichelewa. Lakini agizo halikubadilisha saa za ofisini wala foleni ya Barabara ya Morogoro. Mzigo umehamia kwenye gari la shule.

Tuseme mnakaa Mbezi Luis na shule yenye jina iko Tegeta. Gari linapita kwenu kabla hakujapambazuka, kwa kuwa lina watoto wengine wa kuzoa njiani. Jioni linarudi kwa mzunguko uleule, na anayechukuliwa wa kwanza asubuhi mara nyingi ndiye anayeshushwa wa mwisho. Huyo mtoto ana miaka 7. Tunawapokea wa namna hiyo hapa kituoni, na tunajua wanavyofika: soksi moja imeshuka, chupa ya maji haijafunguliwa, hataki kula. Ukimweka mezani na daftari la hisabati, baada ya maswali mawili penseli bado iko mkononi lakini namba 8 imeteleza mpaka pembeni ya ukurasa, kichwa kimelala juu ya mkono. Hapo hakuna mwalimu wa kumsaidia, hata awe bingwa. Tunamfunika kanga, kazi inabaki.

Kwa hiyo mzazi akituuliza, "Dada, shule ipi nzuri?" nasi tunamuuliza mtoto atafika nyumbani saa ngapi.

Wengi hujibu kwa matokeo ya Darasa la Saba. Haya, tuyaangalie. Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora, lakini matokeo ya kila shule bado yapo kwenye tovuti ya baraza hilo, ya Darasa la Saba na ya upimaji wa Darasa la Nne. Wastani unahesabiwa kwa alama 300, yaani masomo sita yenye alama 50 kila moja. Usiishie kwenye wastani. Fungua matokeo ya Darasa la Nne ya miaka mitatu nyuma, uhesabu waliofanya, kisha ulinganishe na waliofika Darasa la Saba. Ukikuta walikuwa 60 na wamemaliza 35, uliza 25 wamekwenda wapi. Wengine wamehama na wazazi, ndiyo, na ada imewashinda wengine. Lakini zipo shule zinazochuja: asiyefikisha wastani anarudishwa darasa au anashauriwa kutafuta shule nyingine kabla ya mtihani. Wastani wa 260 uliopatikana kwa kuwaondoa wanaosuasua haukuambii mwanao atafundishwaje akisuasua.

Halafu kuna jambo ambalo wazazi wengi bado hawajalizingatia. Walioanza Darasa la Kwanza mwaka 2024 au baada ya hapo wamo kwenye mtaala mpya, ambao elimu ya msingi ni ya miaka 6. Sifa ya shule iliyojengwa kwa Darasa la Saba la mtaala wa zamani inafaa kuijua, ila mwanao hatapita njia hiyohiyo.

Hatusemi kila mtu ampeleke mtoto Kayumba, yaani shule ya serikali, iliyo jirani. Elimu bila ada ilipoanza 2016 madarasa yalifurika, na zipo shule ambazo mwalimu mmoja hawezi kukagua madaftari yote kwa siku hata akijitahidi. Tunachosema ni kwamba shule ya wastani iliyo jirani, ya serikali au ya mchepuo wa Kiingereza, ikiongezewa mtu wa kukaa na mtoto jioni kwa utulivu, mara nyingi inamfaa kuliko shule ya sifa inayomrudisha amechoka. Hasa kwa madarasa ya chini, anapojifunza kusoma na kuandika.

Sisi si tuisheni. Hili huwaudhi baadhi ya wazazi, na wapo waliotukimbia. Mtoto akifika ananawa, anakula, anacheza. Tunafungua madaftari saa 10 na nusu. Hatumfanyii kazi yake. Akishindwa tunamwandikia mwalimu wake kwenye daftari: "Maswali ya 4 na ya 5 hakuweza, bado hajaelewa kutoa kwa kukopa." Mwalimu mwenye watoto wengi anashukuru kwa mstari huo mmoja kuliko kuletewa kazi safi iliyofanywa na mtu mzima.

Kama nyumbani yupo bibi mwenye nguvu, au shangazi anayejua kusoma na mwenye subira, hutuhitaji, na hela yako itunze. Dada wa kazi ni suala jingine. Yeye ana mtoto mchanga mgongoni, sufuria jikoni na nguo za kuanua. Kumtegemea asimamie na hisabati ni kumwonea.

Ukiamua kutafuta kituo, chetu au cha mwingine, uliza cheti cha usajili, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata akuambie kama anakifahamu. Uliza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Kwetu majina na picha zao tunazo, na bodaboda aliyetumwa na "baba yake" anaondoka mikono mitupu hadi mzazi mwenyewe apige simu na tuitambue namba yake. Watu wamenuna hapo getini, wakanuna tena, tukabaki palepale. Uliza pia ukichelewa inakuwaje. Sisi tunafunga saa 1 usiku. "Nimekwama Ubungo" tunaielewa, mvua ikinyesha tunaielewa zaidi, ila kuchelewa kwa kila siku kuna malipo yake, na tunayataja siku ya kwanza ili tusije kugombana mwisho wa mwezi.

Ukitaka kutuona, usije asubuhi, utakuta viti vitupu na sakafu inapigwa deki. Njoo saa 11 jioni, bila taarifa, uje na ratiba ya shule unayoifikiria na saa unazotoka kazini. Tutakaa tuzipange pamoja, na kama hesabu inaonyesha shule hiyo iko mbali mno tutakuambia, hata kama ina maana mtoto hatakuja kwetu.