Barua ya wazi kwa Mjomba, ambaye kamba wamemkataa

Mjomba, shikamoo.

Habari za wewe kukimbizwa hospitali baada ya chakula cha harusi zimenifikia, na zimefika na tafsiri zake. Wengine wanasema umetupiwa kitu na wenzako wa sokoni. Wengine wanasema kamba walikuwa wamelala. Wewe mwenyewe, naambiwa, unasema ulikuwa uchovu tu, na ukishapata nguvu utaonja kamba mmoja uone. Hayo maneno yako ndiyo yamenikalisha kitako niandike. Husuda ya sokoni sijui dawa yake, lakini huyo kamba mmoja anaweza kukuua. Naandika hadharani kwa sababu huku pwani hawakosekani watu wazima waliokataliwa na chakula walichokulia.

Swali lako nalijua: mbona nimekula kamba toka utotoni, nimewauza kwa kilo miaka yote, leo kumetokea nini? Mzio, yaani aleji, hauji kwa kitu ambacho mwili haujawahi kukutana nacho. Kwanza mwili hukutana na protini ile, ikiwezekana mara elfu, kisha siku moja kinga inaiandika kuwa ni adui na kutengeneza kingamwili zinazoitwa IgE. Kingamwili hizo hujipachika kwenye seli zilizosheheni histamini, kemikali inayoleta muwasho na uvimbe, na kukaa zikisubiri. Kamba wa harusini walizikuta tayari. Kwa hiyo miaka yako ya kula haikulindi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 uliwahoji watu wazima zaidi ya 40,000. Karibu nusu ya waliokuwa na mzio wa chakula walipata angalau mzio mmoja ukubwani, na jamii ya kamba, kaa na chaza ndiyo iliyoongoza.

Protini inayosumbua zaidi kwa kamba inaitwa tropomayosini. Utitiri wa vumbi la godoro wanayo inayofanana nayo sana, na mende pia, ndiyo maana mtu anaweza kuandaliwa mzio wa kamba na vitu vinavyoishi chini ya kitanda chake. Kwako ongeza na kazi. Wamenyaji wa kamba huipata protini hiyo kwa ngozi ya mikono yenye michubuko, na kwa kuvuta hewa yenye matone ya maji ya kuoshea au mvuke wa sufuria. Moto hauivunji. Umchemshe, umkaange, umkaushe kama uduvi, bado ni ileile.

Sasa hilo la kamba kulala. Ipo sumu ya samaki inayofanana kabisa na mzio, lakini hiyo ni ya jodari, vibua, nguru na wenzao wenye nyama nyekundu-nyekundu. Wakiachwa juani, bakteria hugeuza sehemu ya nyama kuwa histamini, na kupika hakuiondoi. Aliyekula hupata uso mwekundu au wa moto, kichwa kuuma, na mara nyingine ulimi kuwasha kama pilipili. Tofauti ni kwamba sumu hiyo huwapata wengi waliokula samaki yuleyule. Wewe sinia mlilizunguka watu wengi na ukaanguka peke yako. Viganja vilianza kuwasha ndani ya nusu saa, yakafuata mabaka tumboni, midomo kuvimba, kutapika, kisha kizunguzungu hadi ukakaa chini. Ngozi, tumbo na presha kwa pamoja, dakika chache baada ya kula: hiyo ni anafilaksia, mzio wa hatari.

Kuna jambo la pili la kulichunguza, na ukifika kwa daktari ulitaje hata asipouliza. Unakunywa dawa ya presha. Kama jina lake linaishia na "pril", mfano enalapril, captopril au lisinopril, dawa hiyo peke yake inaweza kuvimbisha midomo na ulimi, hata baada ya kuinywa miaka bila shida, na watu wenye asili ya Afrika hupata hilo zaidi kuliko wengine. Uvimbe wake hauwashi na hauleti mabaka, hivyo sidhani ndio mkosaji wako. Lakini ukivimba siku ambayo hujagusa kamba, nenda hospitali papo hapo, na dawa ubadilishiwe. Na kama unakunywa atenolol au propranolol, sema pia, kwa sababu hizo huifanya adrenalini, dawa ya kumwokoa mtu mwenye anafilaksia, isifanye kazi vizuri mwilini.

Tena uliza ulichomeza siku ile. Diklofenaki ya mgongo, ibuprofeni, aspirini, pombe, au kucheza ngoma muda mrefu baada ya kula, vyote huongeza ukali wa mzio. Wapo watu ambao kamba watano hawawafanyi kitu wakiwa wamekaa, na wawili wanawaangusha wakitembea kwa kasi baada ya kumeza kidonge cha maumivu. Hiyo ndiyo sababu kuonja kidogo nyumbani hakupimi kitu: leo utapona, utajiamini, na wiki ijayo hali ikibadilika utaanguka mbali na hospitali.

Kipimo kipo. Subiri kama wiki nne baada ya tukio, maana mapema sana kinaweza kutoa jibu la uongo. Kwenye kipimo cha ngozi hudondoshwa tone la maji yaliyotengenezwa kwa kamba, au hutumika kamba mwenyewe mbichi na aliyepikwa, ngozi ya mkono ikachomwa kidogo juujuu, kisha mnasubiri dakika 15 hadi 20. Uvimbe unaozidi ule wa tone la maji chumvi la kulinganishia kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa kuwa dalili ya mzio. Acha dawa za mzio kama Piritoni, cetirizine na loratadine siku 5 hadi 7 kabla, la sivyo ngozi itanyamaza. Kama huwezi kuziacha, pima IgE kwenye damu, hiyo haisumbuliwi na dawa hizo. Kipimo pekee hakitoshi, kwa sababu wapo wenye IgE ya kamba wanaokula bila taabu. Daktari hulinganisha kipimo na kisa chako, na kisa chako kinaongea vya kutosha.

Usipoteze hela kwa wale wanaokushikisha chuma mkononi na kompyuta ikatoa orodha ya vyakula 100 vya kuacha. Wala kipimo cha IgG, ambayo ni kingamwili ya aina nyingine. IgG ya chakula inaonesha tu kwamba unakila chakula hicho.

Mpaka upimwe, acha kamba, kambakochi na kaa wote. Pweza, ngisi, chaza na kome ni kundi jingine. Wengine wenye mzio wa kamba huwala salama na wengine hawawezi, kwa hiyo nao waache kwanza. Samaki wa mapezi, changu, tasi, kolekole, hawana uhusiano na tatizo hili. Shida iko kwenye jiko. Muuzaji anayekaanga changu kwenye karai alilokaangia kamba amekuuzia kamba, na kubadilisha mwiko hakusaidii kama mafuta ni yaleyale. Choma ya Forodhani, kule Unguja wanakouza vyakula usiku, iko hivyohivyo, waya mmoja kwa wote. Dagaa wa baharini chambua kwa macho, uduvi hujichanganya humo. Kwenye hoteli za Kichina uliza mchuzi umetiwa nini kabla ya kuagiza hata wali. Na kuhusu biashara, Mjomba, hapa nitakuwa mkali: kupima na kumenya mwachie mtu mwingine, na usisimame penye mvuke wa kamba wanaochemka. Glavu zinalinda mikono tu, pumzi haziilindi.

Nije kwenye adrenalini, maana siku ile ulipewa Piritoni na sindano ya haidrokotisoni, ukaruhusiwa. Piritoni huondoa muwasho. Haifungui koo wala haipandishi presha iliyoanguka. Haidrokotisoni huchukua masaa kufanya kazi. Dawa ya anafilaksia ni adrenalini, na ni ya kwanza, kabla ya hizo nyingine. Ni dawa ya zamani, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na huja kwenye kichupa cha mililita 1 chenye miligramu 1. Mtu mzima huchomwa nusu yake, yaani mililita 0.5, kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Hapo huingia kwenye damu haraka kuliko begani. Isichomwe kwenye mshipa: kipimo hichohicho kwenye mshipa kinaweza kuuvuruga moyo vibaya. Kama hakuna nafuu baada ya dakika 5, huchomwa tena.

Mwombe daktari akuandikie, na muuguzi awafundishe wewe na mkaza mjomba kwa vitendo: kuvunja kichupa, kuvuta mpaka mstari wa 0.5 kwenye bomba la mililita 1, kutoa hewa, kuchoma wima. Bebeni vichupa viwili, mabomba mawili na sindano zake ndani ya kiboksi kigumu, mbali na jua, visiachwe kwenye gari. Dawa ikigeuka rangi ya kahawia, itupwe. Binamu aliye Muscat akiweza kukuletea kalamu za adrenalini, ni rahisi zaidi kutumia. Ya mtu mzima kwa kawaida ina miligramu 0.3, na ziwe mbili vilevile.

Ikitokea tena, lala chali papo hapo na uinue miguu juu ya mto au ndoo iliyofudikizwa. Kama kifua kimebana, kaa umenyoosha miguu, na ukitapika, lala ubavu. Usisimame. Presha ikiwa imeshuka, kusimama ghafla kunaweza kuusimamisha moyo, na ndiyo maana bodaboda, hata iwe karibu kiasi gani, si usafiri wa mtu huyu. Itafutwe gari, kiti kilazwe. Maziwa, maji ya madafu, kujitapisha kwa kidole, yote hayo ni kupoteza dakika. Na usingoje mabaka, kwa sababu wapo ambao ngozi haioneshi chochote na wanaanza moja kwa moja na kizunguzungu au kukosa pumzi. Hata ukipata nafuu, kaa hospitali masaa 6 au zaidi, maana dalili zinaweza kurudi bila kula tena.

Ukienda kliniki chukua pakiti zote za dawa zako, si majina ya kukariri, pamoja na karatasi yenye saa uliyokula, saa ulipoanza kuwashwa, na kila kilichokuwemo kwenye sinia. Mpishi wa harusi mkaza mjomba anamjua. Ampigie leo, kabla hajasahau alichotia kwenye ule mchuzi.

Nisalimie watoto.