Taarifa ya mwaka ya Mwenyekiti: lile jedwali la vifo na tulichoamua

Ndugu wanachama wenzangu, salaam. Mambo ya ada na hesabu mweka hazina atawasomea mwenyewe siku ya mkutano mkuu, mi nataka niongelee kitu kimoja tu kilichotula mwaka karibu wote, lile jedwali la vifo.

Mnalikumbuka. Hospitali zimepangwa kwa asilimia ya vifo basi, hakuna aliyeuliza mgonjwa kaletwa na hali gani, na za rufaa ndo zikaburuza mkia. Simu nilizopokea wiki ile jamani! Wengi mlitaka chama kitoe tamko la kulikataa, kamati tukakaa tukaona hapana, tukikataa kupimwa tutaonekana tunaficha kitu, bora tudai tupimwe vizuri.

Na kupimwa vizuri ni hivi. Unachukua umri wa mgonjwa, ugonjwa uliomleta, presha, sukari, figo, alikuja na miguu yake au kabebwa, halafu unapiga hesabu wagonjwa wa namna hiyo kwa kawaida wangefariki wangapi, ndo unalinganisha na waliofariki kweli. Tuseme hospitali ya rufaa imepoteza 10 katika 100 wakati walitarajiwa 14, ya wilaya imepoteza 4 walipotarajiwa 2. Kwenye jedwali lile ya wilaya inapewa cheti, wakati ndo inayotakiwa kutembelewa haraka.

Marekani walishaungua na hili. Mwaka 1986 serikali yao ilitoa takwimu za vifo vya wagonjwa wa Medicare, yaani bima ya afya ya serikali, hasa ya wazee, na iliyoonekana mbaya kuliko zote, karibu 88 kwa kila 100 walikufa, kumbe ni hospisi, sehemu ya kuwatunza watu siku zao za mwisho! New York wakajipanga vizuri zaidi, kuanzia 1989 wakakusanya hali ya kila mgonjwa wa upasuaji wa mishipa ya moyo kabla hajapasuliwa, na vifo vikishahesabiwa kwa kuzingatia hali hiyo, ndo kunaitwa kurekebisha, vikashuka toka asilimia 4.17 hadi 2.45 mwaka 1992. Ila msishangilie sana, maana ndani ya miaka miwili wagonjwa walioandikwa wana ugonjwa sugu wa mapafu walipanda toka asilimia 6.9 hadi 17.4, na mapafu ya watu hayaharibiki kwa kasi hiyo bana, ni kalamu iliyobadilika, maana mgonjwa akiandikwa kaja na hali mbaya zaidi, vifo vya hospitali vinaonekana nafuu.

Sasa kwetu shida ni kinyume, hatuandiki. Tumepitia mafaili na baadhi yenu, kuna mama kaletwa saa nane usiku, presha 180/120, kashapata degedege njiani, karatasi ya rufaa imekunjwakunjwa kwenye mkoba wa shemeji yake, nesi yuko peke yake anahangaika na magnesiamu, dawa ya degedege, kwenye daftari kukaandikwa "mjamzito, rufaa" basi. Akifariki anahesabiwa sawasawa na mama aliyekuja mzima anatembea. Simlaumu nesi, ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo, ila hakuna hesabu duniani itakayomtetea kwa kitu ambacho hakijaandikwa.

Kwa hiyo kamati imetengeneza fomu ya ukurasa mmoja, inajazwa hata baadaye zamu ikitulia. Ina sehemu mbili na naomba zisichanganywe: alichokuja nacho, na alichokipata wodini. Kidonda kikioza siku ya tatu baada ya oparesheni hicho ni chetu, ukikiandika upande wa alichokuja nacho unakuwa umejisafisha kwa uongo, na tukikamatwa mara moja tu hakuna atakayetusikiliza tena. Kuna waliolalamika kuwa kipengele hiki kinatukaba sisi wenyewe. Ndiyo, kinatukaba.

Kwa upande wa upasuaji wa kujifungua hatukutunga kitu, tumechukua makundi 10 ya Robson, yaliyopewa jina la daktari aliyeyabuni, ambayo WHO waliyapendekeza mwaka 2015, yanawatenganisha kina mama kwa uzazi wa ngapi, kovu la zamani, umri wa mimba, mtoto kalalaje, mapacha, uchungu umeanzaje. Leba zenye wanachama wetu zimeshaanza na wakunga wanasema ni rahisi kuliko walivyodhani.

Wodi za watoto bado, hapo tumekwama, uzito wa kichanga mara nyingi haupo kwenye faili la rufaa na bila uzito hakuna cha kurekebisha. Nahitaji watu wa wodi hizo wajitolee kuingia kamati ndogo, majina mpeni katibu kabla ya mkutano, fomu nazo zipo kwake.