Barua ya wazi kwa wahitimu wa sayansi na teknolojia

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Juzi niliketi kwenye usaili wa kazi ya kimataifa, upande wa wanaouliza. Akaingia kijana mwenye shahada ya uhandisi wa umeme, alama zake za kupendeza. Tukamuuliza kuhusu mradi wake wa mwaka wa mwisho: kwa nini ulichagua rezista, kile kipande kinachozuia mkondo wa umeme, ya kiwango hiki? Kimya. Vipimo vyako vilitofautiana na hesabu kwa kiasi gani? Akajibu, "Kifaa kilifanya kazi." Aliyemfuata akawa vilevile. Miradi ilikuwa ya kununua, na kila mtu mle chumbani alilitambua hilo.

Niliumia, kwa sababu vijana hawa hawakukosa akili. Walikosa mtu wa kuwabana. Mhadhiri anayepitisha mradi bila kumhoji mwanafunzi ana sehemu yake katika aibu hii. Nasi wazazi tunashangilia joho, hatuulizi mtoto ametengeneza nini.

Kununua mradi ni kununua ujinga kwa fedha taslimu. Huko mnakotamani kwenda, kazi yako itapokelewa na mwenzako aliye nchi nyingine, ambaye hajawahi kukuona. Atategemea ulichoandika. Mwaka 1999 chombo cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kiitwacho Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika sayari ya Mars kwa sababu programu moja ilitoa takwimu za msukumo kwa paundi, na timu nyingine ikazichukua kuwa ni nyutoni, kipimo tofauti cha nguvu. Hao walikuwa mabingwa, na bado kipimo kisichotajwa vizuri kiliwaponza. Wewe usiyejua namba zako zimetoka wapi utamweleza nini mwenzako?

Mengine nayataja tu. Ulizeni mapema kama shahada yenu ya uhandisi inatambuliwa chini ya Mkataba wa Washington wa 1989, ambao kwao taasisi za uhandisi za nchi mbalimbali hutambuliana shahada. Mafundi sanifu waulize kuhusu ule wa Dublin wa 2002, unaohusu masomo yao. Mikataba hiyo hutambua masomo, leseni ya kazi ni shughuli nyingine. Jifunzeni kuandika ripoti fupi. Zoeeni kukosolewa mbele za watu.

Nanyi mliobakiza mwaka mmoja, wanangu, bado mna nafasi. Chagueni mradi mdogo mnaouweza wenyewe, hata kama wa jirani unang'aa zaidi. Fungueni daftari: tarehe, kipimo na uniti yake, kilichoharibika, mlichobadilisha. Kisha mfuateni mhadhiri ofisini mumwombe awahoji, hata kama hana desturi hiyo.