Marefa wa mpira wa vyuo watueleze

Mhariri, ile Peach Bowl, mechi ya mtoano ya mpira wa Kimarekani wa vyuo kati yetu na Texas, bado inaniuma na sitaki kusikia eti mashabiki wa Arizona State tunalialia tu. Januari 1, 2025 kule Atlanta, mechi iko 24-24, imebaki kama dakika moja hivi, mchezaji wetu Melquan Stovall kadaka mpira, beki wa Texas Michael Taaffe akamvaa helmeti kwa helmeti, watu wote tumeona, marefa wakaenda kuangalia video halafu wakarudi wanasema hamna kosa! Hamna kosa vipi? Badala ya kupewa yadi 15 za adhabu tusogee mbele tukaupiga mpira mbele tukawarudishia Texas, tukaja kufungwa 39-31 kwenye muda wa nyongeza wa pili.

Jamaa wa Texas wananiambia Taaffe hakukusudia, sawa, ila kanuni haiulizi nia, inaulizia kichwa cha mchezaji asiyeweza kujikinga. Na kweli kwenye nyongeza ya kwanza tuliwabana jaribio la nne, ndo la mwisho, wanatakiwa wasogee yadi 13, tukawaachia wakafunga, hilo letu. Lakini refa akishatazama video basi atoke na maiki aseme ameona nini mpaka akaacha, maana hawa ni vijana wa chuo na vichwa vyao ndo hivyo vinagongwa.

Shabiki wa Arizona State, Phoenix