Barua kwa mpwa wangu: PS5 yako imetimiza mwaka

Mpwa wangu,

Marahaba. Umeuliza kama PS5, hiyo mashine yako ya gemu ya Sony, ikifikisha mwaka inahitaji sevisi kama pikipiki, au ni bora uiuze kabla haijachoka. Usiuze. PS5 ya umbo la kwanza, ile kubwa iliyoanza kuuzwa Novemba 2020, haichoki kwa mwaka mmoja wa kuchezwa jioni. Vinavyochoka ni vya pembeni: padi ya kuchezea mkononi, njia za hewa, umeme unaoingia na nafasi ya kuwekea gemu. Vyote hivyo unaweza kuvishughulikia mwenyewe hapo sebuleni. Nimeiacha barua hii wazi kwa sababu najua wenzako wa mtaani nao wanajiuliza hayo hayo.

Nianze na umeme, maana huo ndio unaonitia hofu kuliko vyote. Mashine inakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo hata iliyotoka Marekani au Japani haihitaji transfoma. Hatari ipo pale umeme unaporudi baada ya kukatika, kwani sekunde za mwanzo hupanda na kushuka ovyo. Nunua kile kidude cha kulinda TV au friji, kinachokata umeme ukizidi au ukipungua na kusubiri kidogo kabla ya kuuruhusu tena. Chomeka mashine na TV humo. Ekstensheni iliyolegea, inayotoa cheche ukiitikisa, itupe leo leo.

UPS, ile betri ya akiba, ikiwa ndogo ya VA 650 haitakuwezesha kumaliza mechi umeme ukikatika. Mashine inakula kama wati 200 kwenye gemu nzito, na TV ya inchi 43 inaongeza wati 60 hivi. UPS itakupa dakika chache tu, nazo zinatosha kuhifadhi gemu na kuzima kwa utaratibu. Kuzima kwa utaratibu ndio faida unayoilipia.

Halafu acha kuilaza kwa Rest Mode, yaani kuisinzisha bila kuizima. Najua kulaza kunapendeza, unaiamsha na gemu iko pale pale ulipoiacha. Lakini mashine iliyolala bado ina umeme, na mara nyingi ndio wakati inapakua apdeti na kuziandika kwenye diski. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, data inaharibika. Ingia Settings, System, kisha Power Saving, uiambie isilale yenyewe. Ukimaliza kucheza chagua kuzima kabisa, usubiri taa ife kabla ya kugusa swichi ya ukutani.

Ikitokea umeme umekatika na mashine sasa inasuasua, gemu hazionekani au inaganda kwenye menyu, usikimbilie kwa fundi. Izime. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia. Utasikia mlio mmoja, endelea kushikilia kama sekunde 7 mpaka mlio wa pili, ndipo uachie. Itafungua Safe Mode, menyu ya kurekebisha matatizo. Hapo padi haifanyi kazi bila waya, na waya wa chaja unaopitisha umeme tu bila data hautasaidia. Wengi hukwama hapo wakadhani mashine imekufa. Chomeka waya mzuri, bonyeza kitufe cha PS, nenda palipoandikwa Clear Cache and Rebuild Database. Ndani yake kuna kusafisha kashe, yaani faili za muda, na kujenga upya orodha ya data. Fanya vyote viwili. Havifuti gemu wala hatua ulizofikia. Zile mbili zilizoandikwa Reset PS5 zinafuta kila kitu, na wapo mafundi wanaoanzia huko kwa sababu ni njia ya mkato kwao. Mwambie fundi mapema, kwa sauti, kwamba huruhusu.

Na mama yako akilalamikia luku, mpigie hesabu. Saa 3 kila siku kwa mwezi ni saa 90. Mashine na TV pamoja ni wati 260, kwa hiyo ni uniti 23 na kidogo. Kama nyumba iko kwenye kundi la D1, lile la bei ya chini kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hizo 23 ndizo zinazoweza kuwatoa humo. Anastahili kujua hilo kabla luku haijaanza kuisha haraka.

Sasa vumbi. Feni ya hiyo mashine ina upana wa milimita 120 na inavuta hewa kutoka pande zote mbili. Toa waya zote, ondoa stendi, ilaze juu ya taulo. Mabamba meupe ya ubavuni hayana skrubu: inua kona taratibu kwa mkono mmoja huku mwingine ukilitelezesha bamba, litaachia kwa mlio unaotisha kidogo lakini hakuna kilichovunjika. Ndani utaona feni, na kwenye fremu kuna vitundu viwili vilivyotengenezwa makusudi kukusanya vumbi. Weka mdomo wa mashine ya kuvutia vumbi hapo. Kwenye feni tumia brashi laini ya kupakia rangi, na uzuie mapanga kwa kidole yasizunguke. Usipeleke kwenye kompresa ya kujazia matairi. Upepo ule una majimaji, na unasukuma vumbi likajibane ndani ya vyuma vya kupozea, mahali usipolifikia tena. Kwa nyumba iliyo karibu na barabara ya vumbi, rudia kila baada ya miezi 3 au 4.

Usafi wako uishie hapo. Usifungue zaidi. Kati ya prosesa na kipozeo chake hakuna pesti ya kawaida, kuna metali ya kimiminika, na metali hiyo inapitisha umeme. Tone moja likimwagika kwenye bodi ni shoti. Kama baada ya kusafisha bado inazima yenyewe kwenye gemu nzito ikisema imepata joto, hapo tafuta fundi aliyewahi kushika metali hiyo, na muulize ataiweka vipi kabla hujamkabidhi.

Acha sentimita 10 kati ya mashine na ukuta au kabati. Kile kitambaa cha kudarizi cha mama kiondoke juu yake inapokuwa imewaka. Na kuna mende. Wanapenda joto, na mashine inayolala usiku kucha ni nyumba nzuri kwao. Wakiingia kwenye sehemu ya umeme wanaleta shoti, na uchafu wao unakula bodi. Usipulize dawa ndani ya mashine kamwe. Weka dawa ya jeli nyuma ya kabati, usile juu ya meza ile, na ukishaizima kabisa haitakuwa na joto la kuwaita.

Padi ndiyo iliyokufanya uandike, nimeona. Unasema mchezaji anatembea mwenyewe kuelekea kulia. Chini ya kijiti cha analogi kuna kikasha chenye vipimo viwili, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha mbele na nyuma. Kila kipimo ni ukanda wa kaboni unaosuguliwa na ulimi mdogo wa chuma kila unaposogeza kidole. Kaboni inalika, unga wake unabaki mle mle, na padi inaanza kutoa taarifa kwamba kijiti kimesogezwa wakati hakuna aliyekigusa. Ukicheza mpira sana, cha kushoto ndicho hutangulia, kwa sababu mbio zote ziko huko.

Kabla ya kulipa pesa, pima. Iunganishe padi na kompyuta, fungua tovuti ya kupimia padi, uangalie namba za kijiti kikiwa kimetulia. Karibu na 0.00 ni kizima. Ikikaa juu ya 0.10, utaiona kwenye gemu. Kisha kisukume hadi mwisho na kukiachia ghafla, mara kumi. Kama kila mara kinarudi kwenye namba ile ile iliyopotoka, katikati yake imehama tu na inaweza kurekebishwa. Kama kinarudi kwenye namba tofauti kila mara, kaboni imelika.

Jaribu kwanza kuiweka upya: mgongoni karibu na nembo kuna kitundu, ingiza pini, shikilia sekunde 5, halafu iunganishe na mashine kwa waya. Ikigoma, tone dogo la spiriti ya asilimia 99 chini ya kijiti huku ukikizungusha linaweza kukupa wiki kadhaa. Ile spiriti ya asilimia 70 ina maji mengi mno, iache. Mafuta ya kulainisha vyuma nayo usiyakaribishe, yananasa vumbi na kuharibu ukanda. Gemu nyingi pia zina sehemu ya kuongeza eneo tulivu la kijiti. Ongeza kidogo kidogo mpaka mchezaji asimame.

Dawa ya kudumu ni kubadilisha kikasha chenyewe. Kila kimoja kimelehemewa kwa miguu 14, na bodi inanyonya joto, kwa hiyo fundi mwenye pasi dhaifu ya kulehemu atang'oa njia za shaba. Muulize mambo mawili. Je, anaweka vikasha vya sumaku, ambavyo havina cha kusuguana, au vile vile vya kaboni? Na akimaliza, ataipanga upya katikati ya kijiti kwa kompyuta na kuihifadhi ndani ya padi? Asipofanya hilo la pili, kijiti kipya kitapotoka kama cha zamani, naye atakwambia umeuziwa padi mbovu. Na chaji ikiwa inawahi kuisha, ingia kwenye Accessories, punguza mtetemo na ule ukinzani wa vitufe vya R2 na L2, pia fifisha taa. Betri yake ni mAh 1,560 tu, na vile vitufe vina mota zake ndani.

Kuhusu nafasi. Diski yako ni ya GB 825 lakini inayobaki kwa ajili yako ni 667. Gemu za siku hizi hufika GB 60 hadi zaidi ya 100, ndiyo maana unafuta na kupakua upya. Kupakua GB 60 kwa intaneti ya Mbps 10 ni zaidi ya saa 13, na bando linakwenda nayo. Njia nafuu ni diski ya nje ya USB, kuanzia GB 250. Gemu za PS4 zinachezwa moja kwa moja kutoka humo. Za PS5 hazichezwi kutoka nje, ila unazihifadhi na kuzirudisha ndani bila kugusa bando. Ichomeke nyuma ya mashine, kwenye tundu la kasi. Lile tundu pana la mbele ni la kasi ndogo na diski haitakubaliwa. Usipitishe kwenye kigawanyio cha USB.

Ukipata pesa zaidi, nunua SSD, yaani diski ya kasi ya kuweka ndani, ya aina ya M.2 PCIe 4.0, inayosoma MB 5,500 kwa sekunde au zaidi, yenye kipozeo. Pima kimo chake na kipozeo: kisizidi milimita 11.25, vinginevyo kifuniko hakifungi. Ndani ya bamba jeupe kuna kifuniko cha chuma chenye skrubu moja. Kifungue, hamishia kile kipete kidogo kwenye tundu la 80 kama SSD ni ya 2280, yaani ya urefu wa milimita 80, ingiza kwa kuinamisha, laza, funga. Ukiwasha, mashine yenyewe itaomba kuifomati na kukuonyesha kasi yake.

Akaunti yako sasa. PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya mashine hii, haina Tanzania wala Kenya kwenye orodha yake ya nchi, ndiyo maana yako ilifunguliwa kwa nchi nyingine, na nchi ya akaunti haibadilishwi baadaye. Kadi za pesa lazima ziwe za nchi ile ile. Kwa hiyo ndugu wa Muscat akitaka kukutumia zawadi, mtajie kwanza nchi ya akaunti yako, kwa sababu kadi ya Oman haitaingia kwenye akaunti ya Marekani. Diski za gemu zinacheza za nchi yoyote, lakini vya kuongezea vinavyonunuliwa mtandaoni lazima viendane na nchi ya diski. Andika kwenye daftari barua pepe na tarehe ya kuzaliwa uliyoijaza siku ile, washa uthibitisho wa hatua mbili, na nakili zile namba za akiba. Akaunti za bei poa zinazouzwa na gemu ndani yake usiziguse: aliyeifungua anaweza kuirudisha mikononi mwake siku yoyote, na huna pa kwenda.

Jua pia kwamba hatua ulizofikia kwenye gemu za PS5 hazinakiliwi kwenye flashi. Zinapanda mtandaoni tu, na hiyo inataka PS Plus, ule usajili wa kulipia. Za PS4 zinakubali flashi. Kama PS Plus yako imeisha na mashine inakwenda kwa fundi, lipia mwezi mmoja kwanza, pandisha, ndipo uipeleke.

Gemu ya mpira ya EA hutoka kila mwaka mwishoni mwa Septemba, na bei yake hushuka baada ya miezi michache. Kama mnacheza wenyewe nyumbani, wewe na wadogo zako, diski ya mwaka jana inatosha.

Mwezi huu nunua kidude cha umeme na bisibisi nyota namba 1. Mwezi ujao padi itengenezwe. SSD isubiri mpaka baada ya mitihani. Na ukiibeba kwenda kwa rafiki, chomoa waya wa HDMI kwa kushika kichwa chake na kuuvuta kwa kunyooka. Tundu lile likivunjika, kulilehemu upya ni kazi ngumu kuliko zote nilizokutajia.

Msalimie mama yako, mwambie ile hesabu ya luku ni ya kweli.

Mjomba wako